Nadhiri ya Kibudha: ipime kabla hujaitamka

Arusha tumezoea nadhiri yenye "-ki-" ndani yake. Nikipona nitachinja mbuzi. Mwanangu akifaulu nitatoa shukrani kanisani. Nikipata jiwe zuri Mirerani nitamjengea mama nyumba. Hayo ni mapatano, na upande wa pili una uwezo wa kutoa au kunyima. Mtu akiingia kwenye Ubudha na neno hilo mkononi hulitumia vilevile: anakaa mbele ya sanamu na kuahidi kuacha pombe akipata kazi. Sasa, upande wa pili hakuna wa kutia sahihi. Katika mafundisho ya Theravada, tawi la kale la Ubudha, Buddha alikwishafariki, hapokei ahadi na hatoi ajira. Kazi isipopatikana, pombe inaendelea. Ikipatikana, pombe ya kusherehekea.

Mafunzo ya mlei ni matano: kutoua, kutoiba, kutozini, kutodanganya, kutokunywa vilevi. Sikiliza la kwanza linavyotamkwa kwa Kipali, lugha ya maandiko ya Theravada: *Panatipata veramani sikkhapadam samadiyami*. Kuua chenye uhai, kujiepusha, hatua ya kujifunzia, naichukua. Kitenzi kiko nafsi ya kwanza. Hakuna "usi-" popote, na hakuna aliyeamrisha. Ndiyo maana naona tafsiri ya "amri tano", iliyokopwa kutoka zile amri kumi tunazozijua, imewapoteza wengi. Amri ukiivunja umemkosea aliyeitoa. Funzo ukilivunja umeonyesha ulipofika katika kujifunza, kama mwanafunzi wa udereva aliyezima gari mlimani.

Neno linalotufaa zaidi ni nia. Anayefunga Ramadhani anajua kwamba nia huwekwa usiku kabla ya alfajiri, na kwamba kushinda na njaa bila nia ni njaa tu. Ubudha unakaribiana sana na hapo: Buddha alisema nia, kwa Kipali *chetana*, ndiyo anayoiita kamma, yaani tendo lenye matunda yake. Na nia njema haikuachwa ielee. Imetajwa kwa pande 3: kuachilia, kutochukia, kutodhuru. Nadhiri ninayoizungumzia hapa ni nia hiyohiyo iliyowekewa mpaka na muda. Bila mpaka na muda unabaki na matamanio, nayo hayavunjiki, kwa hiyo hayakufundishi kitu.

Mtu anaweza kuuliza: kama siui na sidanganyi, nadhiri ya nini? Wafafanuzi wa zamani walitenga aina 3 za kujizuia. Ya kwanza ni ya papo kwa papo: pochi iko chini, hakuna anayekuona, unaiacha kwa sababu ya malezi yako. Ya pili ni ya aliyekwisha kulichukua funzo kabla pochi haijaanguka. Ya tatu ni ya aliyefika mbali kwenye njia, ambaye mzizi wenyewe umekatika. Sisi wengi tunaishi kwenye ya kwanza na kuiita tabia njema. Udhaifu wake ni kwamba kila mara unaanza hesabu upya, na siku umechoka, au una deni la kodi ya nyumba, hesabu inatoka tofauti. Ya pili inafanya hesabu mapema, kichwa kikiwa kimetulia.

Sasa vipimo. Kila funzo lina sehemu zake, na kosa halijatimia mpaka sehemu zote ziwepo. Kuua kuna 5: kiumbe kiwe hai, ujue ni hai, uwe na nia ya kuua, ufanye jitihada, kife kwa jitihada hiyo. Kudanganya kuna 4: jambo si la kweli, unayo nia ya kupotosha, unatoa neno au ishara, na mwenzako anaelewa. Ukimkanyaga siafu gizani bila kumwona, sehemu ya pili na ya tatu hazipo. Kupulizia dawa ya mbu chumba kizima zipo zote. Ndiyo maana chandarua ni rafiki mkubwa wa funzo la kwanza, hasa kule Moshi mjini kunakoshinda Arusha kwa joto na mbu.

Zipime zile sehemu 4 za uongo kwenye simu. "Uko wapi?" "Niko njiani, nimefika Sakina." Bado uko Ngaramtoni unatafuta kiatu. Jambo si la kweli, nia ipo, neno limetoka, mwenzako ameelewa na ameshasimama nje kukusubiri. Kosa limekamilika kwa sekunde 4, na wala hulihesabu kuwa kosa. Ningemshauri yeyote anayeanza aanze na hili kabla ya mambo makubwa, kwa sababu linatokea mara nyingi kwa siku na halina gharama kulirekebisha: "Sijatoka, nipe dakika 20."

Mfanyabiashara ana kazi zaidi. Anayeuza mitumba soko la Memorial pale Moshi, au nyanya soko la Kilombero hapa Arusha, huulizwa bei ya kununulia kila saa. Funzo la nne halimlazimishi kuitaja. Linamzuia kutaja ya uongo. Kwa hiyo maneno huandaliwa nyumbani kabla ya kufungua meza:

"Dada, hii wewe umenunua bei gani?"

"Ya kununulia niachie mimi, mama. Nauza elfu nane."

"Siwezi kushuka hata mia" ni uongo kama unaweza kushuka. "Nauza elfu nane" ni kweli, na mteja akitaja elfu saba bado una uhuru wa kukubali. Usipoyaandaa, mdomo utarudia ulichozoea, maana kupatana bei, kule kwa "tuelewane", kuna maneno yake ya mazoea.

Nadhiri iliyotungwa vizuri ina vitu 3: tendo linaloonekana, kikomo cha muda, na mlango wa kutokea. "Sitakasirika tena" haina hata kimoja. Hasira haikuombi ruhusa, na "tena" haina tarehe. Ilinganishe na hii: "Kuanzia leo jioni hadi Ijumaa jua likizama, nikikasirika sitajibu ujumbe wowote kabla ya kuvuta pumzi 10; isipokuwa simu ya mgonjwa." Moyo haufungwi kwa maneno, lakini kidole kinachoandika ujumbe kinafungika.

Huo mlango wa kutokea ndio watu wanaoudharau, wakidhani unaifanya nadhiri kuwa laini. Tazama watawa wenyewe. Kila mwaka, kuanzia siku inayofuata mwezi mpevu wa Julai hadi ule wa Oktoba, mtawa wa Theravada huweka kikao cha mvua cha miezi 3 mahali pamoja na kukitamka. Lakini kanuni inamruhusu kutoka kwa sababu zilizotajwa, kama mzazi kuugua, mradi arudi ndani ya siku 7. Sababu zimeandikwa kabla ya kikao kuanza, si usiku ule mtu anapotaka kuondoka. Tofauti yote iko hapo. Kisingizio kilichotajwa mapema ni sehemu ya nadhiri. Kilichobuniwa saa ya jaribu ni uvunjaji uliovaa koti. (Kalenda yao ya mvua ni ya India. Huku ukitaka kikao kinachoendana na tope la barabarani, masika ya Machi hadi Mei yanafaa vizuri, ila usiseme ni kikao cha kitawa.)

Kuna na daraja za ukali. Buddhaghosa, aliyeandika Sri Lanka katika karne ya 5, alieleza mazoea 13 ya ukali, na kila moja akalipa ngazi 3. Chukua lile la kula mara moja kwa siku. Mkali haongezi zaidi ya chakula alichokwisha kukigusa. Wa kati huongeza maadamu cha bakulini hakijaisha. Mpole hula maadamu hajainuka pale alipoketi. Wote watatu wanahesabiwa wamelishika. Sioni aibu kuanza na ngazi ya mpole. Naona aibu kutamka ya mkali na kuishi ya mpole bila kukiri.

Kuitamka hakuhitaji mengi. Osha uso, kaa, zima simu au igeuze. *Namo tassa bhagavato arahato sammasambuddhassa*, maneno ya kumheshimu Buddha, mara 3. Kimbilio kwa Buddha, kwa Dhamma (mafundisho yake), kwa Sangha (jumuiya ya watawa), nalo mara 3. Kisha mafunzo 5 kwa Kipali au kwa Kiswahili, moja moja, ukisimama pumzi nzima kati ya moja na jingine. Halafu nadhiri yako ya nyongeza kwa Kiswahili, kwa sauti inayosikika. Kimoyomoyo sikushauri: maneno ya moyoni hubadilika yakiwa bado yanasemwa. Ukimaliza, yaandike kwenye daftari kama ulivyoyatamka, pamoja na saa. Dakika 10 zinatosha.

Hiyo "moja moja" si mapambo. Katika ombi linalotumika sana Thailand, walei wanapoomba mafunzo kwa mtawa, kuna maneno *visum visum rakkhanatthaya*, yaani ili kuyalinda kila moja peke yake. Maana yake ya kivitendo ni kubwa: ukiyachukua kama fungu moja, kuvunja moja kumelivunja fungu. Ukiyachukua mbalimbali, linalovunjika ni hilo moja, na mengine 4 yamesimama. Aliyekunywa bia Jumamosi na kusema "basi, nimeshaharibu" kisha akadanganya na Jumapili, mara nyingi aliyachukua kama fungu bila kujua.

Kama kuna mtawa karibu, mafunzo huombwa kwake. Hekalu lililoanzishwa na watu wa Sri Lanka liko Dar es Salaam, na kwa basi kutoka Arusha hiyo ni siku nzima barabarani. Kwa sababu hiyo wengi huku watayachukua wenyewe nyumbani, na inakubalika, kwani kitenzi ni "nachukua".

Siku ya uposatha, siku ya ibada inayofuata mwezi, ndiyo kipimo kizuri cha nadhiri ya kwanza kubwa, kwa kuwa ina kikomo chake tayari: alfajiri hadi alfajiri. Huangukia mwezi mpevu na mwezi mwandamo, na wengine huongeza siku za nusu mwezi. Mafunzo yanakuwa 8. La tatu linabadilika na kuwa kujiepusha na tendo la ndoa kabisa (mwambie mwenzio mapema, si usiku wenyewe). Yanaongezeka la kutokula baada ya adhuhuri, la kuacha muziki, ngoma, manukato na mapambo, na la kutolalia kitanda cha juu na cha anasa. Godoro chini, au mkeka na blanketi.

La chakula ndilo linaloanguka zaidi Arusha, na sababu ni saa. Adhuhuri hapa ni jua likiwa juu kabisa, si saa ya ukutani. Saa zetu zinafuata longitudo 45 Mashariki, Arusha iko karibu 36.7, kwa hiyo jua linafika juu wastani wa saa 6 na dakika 33. Mwanzoni mwa Novemba ni kama saa 6 na dakika 17, katikati ya Februari kama saa 6 na dakika 47. Moshi ni dakika 2 au 3 mapema. Maofisini mapumziko ni saa 7, na hapo tayari umechelewa kwa vyovyote. Beba chakula, ule saa 5 na nusu, usimame saa 6 kamili, na ugomvi wa dakika hautakuhusu. Alfajiri hupimwa kwa kuangalia kiganja nje: mistari ikionekana bila taa, kumekucha. Jua huku halibadiliki sana, huchomoza kati ya saa 12 na dakika kama 10 na saa 12 na dakika 40 hivi mwaka mzima.

Mchana na jioni unaruhusiwa maji, juisi iliyochujwa, chai ya rangi na sukari. Chai ya maziwa mila nyingi huihesabu chakula. Uji ni chakula, hata uwe mwepesi kiasi gani. Mtori usiulizwe.

Kukaa kwa azimio, *adhitthana*, yaani kutafakari bila kusogea, ni nadhiri ya saa moja. Ndiyo parami (sifa ya kukamilisha) ya 8 kati ya 10 katika orodha ya Theravada, na kwenye kozi za siku 10 za S. N. Goenka, mwalimu wa kutafakari, huanza baada ya siku za mwanzo: vikao 3 kwa siku, saa nzima bila kufungua macho, mikono wala miguu. Nyumbani usianze na saa. Anza dakika 20, wiki nzima, ndipo 30. Mto uinue makalio juu ya magoti, sentimita 10 hadi 15; ukikaa chini sana mgongo huinama na maumivu yanayofuata hayana fundisho lolote. Juni na Julai sakafu ya simenti Arusha ni baridi ya kweli: mkeka, blanketi lililokunjwa, na shuka mabegani kabla hujaanza, kwa sababu ukishaanza hulivuti. Maumivu ya kubana yanayohama na kuyeyuka ukisimama ni ya kukaa nayo. Maumivu makali ya goti, sehemu ile ile, yanayobaki baada ya kusimama, ni goti linalolalamika. Fungua mguu, na mlango huo uwe umetajwa tangu mwanzo. Adhana, honi za vifodi (daladala ndogo) na spika za mkesha si uvunjaji. Masikio hayakuwemo kwenye nadhiri.

Desemba ndiyo mtihani wa Kilimanjaro. Ukoo umepanda mlimani, mbuzi wamechinjwa, mbege inazunguka kwenye kata, kibuyu cha kunywea. Funzo la tano linataja vinywaji viwili, *sura* na *meraya*. Kanuni za watawa zinaeleza cha kwanza kuwa cha unga, wali na chachu, na cha pili kuwa cha matunda, maua, asali au miwa. Mbege ni ndizi zilizopikwa na kuchachuka, ikakorogwa na kimea cha ulezi. Imeingia kote kuwili. Mwanasheria hapati pa kupita.

Kosa linalotokea pale si kunywa. Ni kusema "niko kwenye dozi". Kila mtu husema hivyo, na kila mtu huamini nusu. Umelinda la tano kwa kulivunja la nne, sehemu zote 4 zikiwepo, mbele ya wazee. Inatosha hivi: "Shikamoo baba. Asante sana, mwezi huu nimejiwekea kutokunywa. Naomba niipokee kata nimpe shemeji." Kuipokea kwa mikono miwili na kuipitisha kunaheshimu kata na aliyeitoa. Maelezo ya Ubudha hayahitajiki; ukianza kuhubiri Dhamma kwenye kata ya tatu ya wenzako, usitegemee mjadala.

Kuku wa mgeni je? Kwa watawa nyama huruhusiwa kama hawakuona, hawakusikia wala hawashuku kwamba mnyama alichinjwa kwa ajili yao. Mlei hafungwi na hilo, ila ni mwongozo mzuri, na dawa yake ni simu ya siku moja kabla: "Mama, usichinje, nakula kilichopo." Huenda akachinja. Umeshasema.

Na kuvunja? Kutatokea. Buddha alimfundisha mwanawe Rahula kulitazama kila tendo mara 3: kabla, wakati, na baada. La mwili na la mdomo likionekana baya baada ya kutendwa, liwekwe wazi kwa mwalimu au mwenzi mwenye busara. La moyoni inatosha kulionea haya na kuchukizwa nalo. Watawa wana maneno mafupi ya kazi hiyo. Mmoja anataja kosa. "Unaliona?" "Naliona." "Siku zijazo ujizuie." Basi. Hakuna faini, hakuna kulia. Mlei mwenye rafiki mmoja anayeaminika anaweza kutuma ujumbe wa mistari 2: nini, lini. Mstari wa tatu ukianza na "lakini", ufute. Kisha mafunzo huchukuliwa tena siku hiyo hiyo, si Jumatatu.

Ukivunja funzo lile lile mara 3 ndani ya wiki, kosa huenda liko kwenye utunzi, si kwako. Punguza muda, shusha ngazi. Shantideva, mtawa wa karne ya 8 wa Nalanda, chuo cha kale cha watawa India, alisema hivyo kwa ukali zaidi: pima uwezo kwanza, ndipo uanze au usianze, kutoanza ni bora kuliko kuanza na kugeuka nyuma.

Huyo huyo, hata hivyo, anatoka upande wa Mahayana, tawi jingine kubwa la Ubudha, ambako kuna nadhiri zisizo na kikomo kwa makusudi. Nne kubwa husomwa kwenye mahekalu ya China na ya Zen Japani: viumbe hawana idadi, naapa kuwavusha, machafuko ya moyo hayaishi, naapa kuyakata, milango ya Dharma (ndiyo Dhamma) haihesabiki, naapa kuijifunza, njia ya Buddha haina ya juu yake, naapa kuitimiza. Hizi usizitie kwenye daftari na kuziwekea alama ya vema. Zinaonyesha uelekeo, kama Meru inavyokuonyesha kaskazini ukiwa mjini bila wewe kufika kileleni. Shantideva alitenganisha anayetamani kusafiri na anayesafiri. Nadhiri 4 ni ule utamani. Mafunzo yenye tarehe ni kupanda basi. Nimeona maandishi mengi yanayowapa wageni zile 4 siku ya kwanza bila hata funzo moja la kushika kesho yake asubuhi, na naona ni kumpa mtu tiketi isiyo na namba ya kiti.

Muda ukifika, funga. Kaa, taja nadhiri ilivyoandikwa, sema "muda wake umefika, imekwisha," hata kama unataka kuendelea. Ukiacha iyeyuke yenyewe, wiki ijayo hutajua kama uko ndani au nje, na kata itakukuta hapo hapo katikati. Kisha acha siku moja tupu kabla ya kutamka nyingine, ukiwa na yale 5 tu. Siku hiyo daftari lisiandikwe kitu.